Mwalimu wa Reli Anajibu: Garratt ya seremala, breki za Mwanza na daftari la gadi

Kabla ya barua, jambo moja. Wanaoniandikia kuuliza bei za modeli, niwieni radhi, bei sijibu. Niliyolipa mimi mwaka juzi ikichapishwa leo itanigombanisha na watu. Niulizeni vipimo, niulizeni miaka, niulizeni namba za vichwa vya treni. Hapo nitakesha nanyi.

Habari za siku, Mwalimu. Mimi ni seremala hapa Same. Mjukuu wangu aliona picha ya lile garimoshi kubwa la Garratt namba 5930 lililoko makumbusho ya reli Nairobi. Limeandikwa Mount Shengena, na Shengena ni mlima wetu huku Upare! Nimemwahidi kumtengenezea la mezani. Nimeshaagiza reli za modeli kutoka nje, zimeandikwa HO, milimita 16.5. Shemeji yangu anasema nimeliwa. Kweli nimeliwa?
*Seremala wa Same*

Salama, fundi. Hukuliwa. Umenunua reli nzuri kabisa, ila ni za treni nyingine.

Chomoa hiyo penseli ya sikioni tupige hesabu. HO maana yake kila kitu kimepunguzwa mara 87. Reli yetu ya zamani, hiyo inayopita kwenu Same na ile ya Mombasa, ina upana wa mita moja, yaani milimita 1,000 ukipima toka ubavu wa ndani wa chuma kimoja hadi ubavu wa ndani wa mwenzake. Gawa kwa 87, unapata 11.5. Watengenezaji wameisogeza ikawa 12 na kuiita HOm. Sasa chukua SGR, milimita 1,435, uigawe vilevile. Inatoka 16.5. Umeona? Ulichonacho sandukuni ni SGR, iwe ya Mombasa na Nairobi iliyoanza kubeba abiria 2017, au ya Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma ya 2024. Ukiisimamisha Garratt juu yake, miguu itakuwa imetanuka kama ya mtu aliyetoka kupanda punda safari ndefu.

Usione haya. Mimi, mwalimu wa hesabu, nilinunua mita 12 za reli hizohizo kwa sababu muuzaji aliniambia treni ni treni. Zilikaa uvunguni miaka minne. Mke wangu alikuwa akifagia anazigonga kwa ufagio makusudi, nisikie. Mwishowe nikampa kijana wa jirani. Kuziweka kwenye stesheni yangu ya Voi nisingeweza, maana Voi yangu ni ya mwaka 1964, na mwaka huo SGR hakuna aliyeiota.

Kwa mtu mwingine ningesema tafuta reli za milimita 12 basi. Hata zile za TT, ambazo ni za modeli zilizopunguzwa mara 120, zina upana huohuo, na kupatikana kwake ni rahisi kuliko HOm. Kasoro yake ni mataruma, vile vipande vinavyolazwa chini ya reli kuishikilia: yamebanana. Mimi hukata vile vifungo vya plastiki vilivyo chini nikayasogeza moja moja, kazi ya jioni nzima kwa kila mita. (Ndugu zangu wa Mbeya, nanyi mmo humu. TAZARA ni milimita 1,067. Igawe kwa 87 uone kama haiangukii palepale kwenye 12.)

Lakini wewe ni seremala. Geuza hesabu: badala ya kubadilisha reli, badilisha ukubwa wa treni. Milimita 1,000 ukizigawa kwa 16.5 zinakupa 60 na kidogo. Basi punguza kila kitu mara 60, na reli ulizonazo zitakuwa za mita moja barabara. Kichwa chenyewe kilikuwa na urefu wa karibu mita 31.7, kwa hiyo chako kitakuwa sentimita 53. Cha HO kingekuwa 36 na nusu tu. Ubaya wa 1 kwa 60 ni kwamba hutapata dukani behewa wala mlingoti wa kuoana nacho. Kila kitu utajichongea. Kwa mtu mwenye randa na tupa nyumbani, huo ni ubaya gani?

Sasa kichwa chenyewe. Garratt ni jina la Mwingereza, Herbert William Garratt, aliyeomba hataza yake 1907. Badala ya kurundika boila na magurudumu yote kwenye fremu moja ndefu isiyopinda, aliitandaza boila katikati kama daraja, mbele na nyuma akaweka mitambo miwili inayojigeuza kila mmoja kivyake. Kona ikija, kichwa kinajikunja. Za kwetu za daraja la 59 (daraja hapa ni aina ya kichwa) zilitengenezwa na Beyer Peacock wa Manchester, 34 jumla, miaka ya 1955 na 1956, kila moja ikiwa na tani 252 hivi. Hakuna kichwa cha mvuke cha reli ya mita moja kilichozishinda nguvu. Zilikusudiwa kuvuta tani 1,200 kwenye mwinuko wa 1 kwa 66, yaani unapanda mita moja kila unapokwenda mita 66.

Hesabu magurudumu kabla hujakata ubao: 28, na 16 kati yake ndiyo makubwa ya kusukuma, manane kila upande. Wengi hukosea hapa, huunganisha mitambo yote miwili kwenye ubao mmoja, halafu wanashangaa kichwa kinatoka relini kwenye kona ya kwanza. Weka misumari miwili ya kuzungukia, boila ilale juu yake. Anza na ya maboksi. Ya kwangu ya kwanza ilikuwa ya boksi la sabuni, nayo ndiyo iliyonifundisha kwamba meza yangu ilikuwa fupi.

Na tafadhali, makaa ya mawe usiweke! Nimeona modeli moja yenye lundo zuri la makaa nyuma, nikamhurumia mwenyewe. Daraja la 59 lilichoma mafuta mazito. Kwa hiyo nyuma ni tangi, limefunikwa. Rangi yake ni damu ya mzee. Madereva Kalasinga walizing'arisha kwa shaba na kuzipamba kama bi harusi, kila kichwa kikiwa na watu wake. Bomba la moshi nalo lina mambo: vilipotoka kiwandani lilikuwa la mviringo, baadaye vikavalishwa lile jembamba refu la Giesl, fundi wa Austria, linaloonekana kama limebanwa na mlango. Kwa hiyo kabla ya kuchonga bomba, amua mwaka. Usiposema ni mwaka gani, utachanganya bomba la 1955 na bango la 1970, na mzee mmoja wa reli atakuja kukuaibisha mbele ya mjukuu wako. Mzee huyo huenda nikawa mimi.

Mwambie mjukuu pia kwamba kichwa chenye jina la mlima wenu kazi yake ilikuwa kati ya Mombasa na Nairobi. Kila ekseli ya kusukuma ilikandamiza reli kwa tani 21, nao huo si uzito wa njia nyepesi. Mwenzake aliyeko naye makumbusho, 5918, anaitwa Mount Gelai, na Gelai nao uko Tanzania, karibu na Ziwa Natron. Milima miwili ya Tanzania imepanga chumba Nairobi.

Shikamoo Mwalimu. Nasoma chuo hapa Mwanza. Laptop yangu kuukuu lakini inaendesha simuleta ya Open Rails, programu ya kuendesha treni kwenye kompyuta, niliyoipakua bure. Tatizo langu ni kusimama. Kila stesheni napitiliza, jukwaani linabaki behewa la mwisho tu. Tena sioni reli yetu humo, zote za Ulaya na Marekani. Mama anasema nacheza.
*Dereva wa Kiti cha Plastiki*

Marahaba, mwanangu. Mama usibishane naye. Mkalishe kwenye hicho kiti cha plastiki asimamishe treni mwenyewe mara tatu. Akipitiliza, mtakuwa wawili.

Wewe unaendesha treni kama daladala, unakanyaga breki ukishaona jukwaa. Sikiliza inavyofanya kazi breki ya upepo. Kila behewa lina tangi lake dogo la upepo, na bomba moja limepita chini ya treni nzima. Bomba likijaa, breki zinaachia. Upepo ukipungua bombani, vali ya kila behewa inafungulia upepo wa tangi lake uende kubana magurudumu. Ni kinyume na akili ya kawaida: kupunguza ndiyo kubana. George Westinghouse wa Marekani alikuwa na breki ya upepo tangu 1869, lakini ile ya kwanza bomba likikatika breki hakuna. Hii ya kinyumenyume aliileta 1872, na faida yake ni kwamba treni ikikatika vipande viwili, upepo unamwagika na vyote viwili vinasimama vyenyewe.

Kwako wewe hilo lina maana mbili. Kwanza, upepo unachukua muda kusafiri. Ukivuta mkono wa breki, behewa la mbele linasikia, la nyuma bado linakusukuma. Vuta kidogo, mapema, kisha ngoja. Hesabu kwa sauti hadi kumi bila kugusa kitu. Najua mkono utawasha. Pili, ukibana na kuachia, kubana na kuachia, matangi yanaisha upepo kabla hayajajazwa tena, na siku hiyo utateremka mlima ukiwa abiria kama wengine.

Kisha ile hesabu niliyowachapia wanafunzi wangu (zamani hizo tulichapa). Mwendo ukiwa mara mbili, umbali wa kusimama unakuwa mara nne. Tuseme breki zako zinapunguza mwendo kwa mita 0.3 kwa sekunde kila sekunde. Ukiwa na kilomita 30 kwa saa utahitaji kama mita 115. Ukiwa na 60, mita 460 na zaidi. Kwa hiyo swali si ubane wapi, bali uwe na mwendo gani ukifika kwenye mti fulani. Chagua mti kabla ya kila stesheni. Mimi nilikuwa na mbuyu wangu, na mbuyu wenyewe nilijichorea.

Kuhusu reli yetu kutokuwamo: kaa uitengeneze. Open Rails inasoma mafaili ya namna ileile ya Microsoft Train Simulator ya mwaka 2001, na kwa sababu watu wamejenga njia za namna hiyo miaka yote hii, maelekezo yamejaa. Ardhi huhitaji kuikisia. Februari 2000 chombo cha anga za juu cha Marekani kilipima kwa rada miinuko ya sehemu kubwa ya dunia, Usukuma ikiwamo, na takwimu hizo ni bure. Ila usianze na Mwanza hadi Dar. Nimewaona vijana watano wakianza hivyo, na wote watano waliishia kwenye mchoro wa jina la stesheni. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza 1928. Wewe ifikishe Fela tu. Panda treni, kaa dirishani, andika kila daraja, kila karavati, kila mahali ambapo njia inakuwa mbili. Kutembea juu ya reli na simu mkononi ukipiga picha, hapana. Utagongwa, au utakamatwa, na mama atakuwa ameshinda.

Mimi nilianza na Mombasa hadi Mazeras kwa tamaa ya kitu kimoja. Karibu na Mazeras reli ya zamani inajizungusha ikapita juu yake yenyewe, kama nyoka anayevuka mkia wake, ili ipate kimo pasipo na nafasi ya kupandia taratibu. Nilidhani ni kazi ya wiki. Ilinichukua msimu mzima wa masika, na mara ya kwanza nilipoijaribu daraja lilikuwa chini ya reli inayopita chini.

Mwalimu, simba wa Tsavo waliua watu 135 au ni chumvi? Tumebishana hapa kijiweni hadi kahawa imepoa.
*Kijiwe cha Kisauni*

Kila toleo simba! Haya. Ni 1898, penye daraja la mto Tsavo. Patterson, mhandisi aliyewapiga risasi, ndiye aliyeitoa hiyo 135. Hesabu ya reli yenyewe ilitaja vibarua 28 wa Kihindi, na Waafrika hawakuhesabiwa vizuri. Simba wenyewe wako Chicago, kwenye makumbusho ya Field, tangu walipouzwa 1924, na wanasayansi waliopima nywele na mifupa yao walikadiria mwaka 2009 kwamba walikula watu kama 35. Kwa hiyo chumvi imo.

Lakini kwa nini mnabishania simba? Vibarua karibu 32,000 waliletwa kutoka India kujenga reli ile ya Mombasa hadi Kisumu, 1896 hadi 1901, na karibu 2,500 walifia kazini. Ni zaidi ya wanne kwa kila maili. Homa, kuhara na vidonda viliua wengi kuliko meno yoyote, ila vidonda havikai nyuma ya kioo Chicago. Mkitaka simba wa kushikika nendeni Nairobi mkaone behewa namba 12, ambamo afisa wa polisi Ryall alisinzia akimvizia simba pale Kima, Juni 1900. Simba akaingia, akamchomoa dirishani. Agizeni kahawa nyingine.

Shikamoo babu Mwalimu. Nina miaka 11. Kwenye simuleta ya Uingereza mataruma ni ya mbao. Mbona ya hapa kwetu Korogwe nimeona ya chuma?
*Mtoto wa Korogwe*

Marahaba, mjukuu. Mchwa. Mbao ukilaza chini huku kwetu wanaziona ni karamu. Ukitengeneza yako, usiyapake rangi ya fedha. Chuma kilicholala juani ni cha kutu, kahawia iliyokolea. Na umenifurahisha, maana wakubwa wengi wamepita hapo miaka yote bila kutazama chini.

Shikamoo Mwalimu. Marehemu baba alikuwa gadi wa treni ya Voi na Moshi miaka ya sitini. Ameacha filimbi, taa ya mkono yenye vioo vya rangi, vitabu viwili vya ratiba vilivyoandikwa si kwa matumizi ya abiria, na daftari lake la kila safari. Kaka yangu amemwita mtu wa vyuma chakavu aje Jumamosi. Anasema karatasi ataziwashia moto. Nifanye nini?
*Binti wa Gadi, Taveta*

Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba. Barua yako imenifikia Jumatano. Nimekutumia ujumbe siku ileile, wewe umesema taa imefichwa kwa shangazi, kwa hiyo hapa nawajibu na wengine walio na kaka kama huyo.

Taa ndiyo itakayogombaniwa kwa kuwa inang'aa. Karatasi ndizo za thamani. Ratiba ya abiria inakwambia treni inaondoka saa ngapi, basi. Ratiba ya kazi, hiyo iliyokatazwa abiria, inaonyesha treni zote, za mizigo na za mafuta, ipi imngoje nani kwenye stesheni gani, na mahali gani mwendo upunguzwe. Njia ilikuwa moja. Treni mbili zinazokabiliana lazima moja ijibanze pembeni. Historia zilizochapishwa zitakwambia kwamba njia ya kutoka Voi iliunganishwa na reli ya Tanga wakati wa vita, 1916. Hazitakwambia kwamba Jumanne fulani treni ilikaa dakika arobaini porini ikingoja mwenzake. Kijana wa Mwanza hapo juu akizipata kurasa kama hizo, ataiendesha siku nzima ya miaka ya sitini, dakika kwa dakika.

Daftari la baba ni zaidi ya hapo, maana ratiba ni ahadi, na daftari ni yaliyotokea.

Fanya hivi. Piga picha kila ukurasa, mchana, karibu na dirisha, bila mwanga wa simu, pamoja na jalada na kurasa tupu. Ziweke nakala mahali pawili. Usibandike gundi ya selotepu, usipeleke kwenye plastiki ya moto. Taa usiisugue kwa majivu wala dawa ya shaba. Masizi yale ni ya kazi. Andika kwenye karatasi tofauti jina la baba, miaka aliyofanya kazi, na hadithi moja unayoikumbuka. Halafu ukiamua kuvipeleka makumbusho, yale ya Nairobi yaliyofunguliwa 1971 au kwingine, usikabidhi kitu bila hati iliyosainiwa inayotaja kila kimoja. Kaka mpe filimbi. Sisemi mzaha. Mwite pembeni, mpe, mwambie apulize. Watu huuza vitu ambavyo hawajawahi kuvishika.

Sasa nami nina ombi, na ndilo lililonifanya niweke barua yako mwisho. Baba yangu alikuwa pointiman Voi, mtu wa kuzigeuzia treni njia. Tulikaa landhi, nyumba za wafanyakazi wa reli, na usiku nilikuwa najua kwa mlio tu kama ni Garratt ya kwenda Nairobi au ni treni ya kwenu inaingia kutoka Taveta. Mlio naukumbuka. Njia ambayo treni ilikuwa ikisimama siikumbuki. Baba alifariki 1988 na sikuwa nimemuuliza, maana wakati huo sikujua kwamba siku moja nitaijenga Voi juu ya meza. Nimeacha njia mbili bila kupigilia, nyuma ya jukwaa na ile ya karibu na tangi la maji. Tafuta kwenye daftari mwaka 1964, mwezi wowote, mahali baba alipoandika ameingia Voi. Kama kando ya saa ameandika na namba ya njia, nitumie namba hiyo.